Gari Nililolikata kwa Makasi

Mdogo wangu aliponiletea rundo la mifuko mitupu ya saruji na kuniambia nimpimie gari kama ninavyompimia bibi harusi, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ukumbini kwa mama, Ngamiani, kazi za sikukuu zimenibana mpaka chai imepoa pembeni. Mifuko alikuwa ameikung'uta, lakini vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Dada, iache hiyo nguo kidogo. Twende Mabawa."

"Mabawa kuna nini?"

"Kuna mwili unataka nguo."

Mabawa ndiko lilikokuwa ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, alilotuachia baba. Baada ya yeye kufariki, mdogo wangu, ambaye ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba yetu, aliuza mbata yote iliyokuwamo, akafagia sakafu, akaanza kuleta vyuma. Mama alidhani anafungua gereji. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya kufiwa na mume, nikajishughulisha na ushonaji, na sikuwa nimekanyaga ghalani kwa miezi mingi. Nilipoingia siku ile, nikiwa bado na buibui langu, niliona mifupa ya gari. Mabomba membamba ya chuma yalikuwa yamechomelewa yakashikana kama tenga. Injini ilikuwa ya gari dogo la Kijerumani lililopinduka njia ya Korogwe, na hakuiweka mbele kama watu wote, wala nyuma kabisa kama ilivyokuwa mwanzo. Aliiweka katikati, mara tu nyuma ya mgongo wa dereva.

"Mbona umeipachika huku?" nikamuuliza.

"Kwa sababu huko ndiko yanakokwenda magari ya mashindano. Leo wananicheka, lakini baada ya miaka kumi, dada, hakuna atakayeweka injini mbele."

Mabaharia bandarini walikuwa wakimpa magazeti ya picha kutoka Ulaya, na humo alikuwa amesoma habari za mashindano ambayo gari moja hukimbia kutwa kucha, madereva wawili wakipokezana. Hayo ndiyo yaliyomshika. Mbio fupi hazikumvutia. Alikuwa akisema kwamba kwenye safari ndefu mshindi ni gari lisilochoka, na gari halichoki likiwa jepesi na likiupita upepo bila ugomvi. Klabu ya magari iliyokuwa pale mjini ilikuwa imetangaza mashindano ya namna hiyo, ya kuanzia alfajiri mpaka jua litue, kwenye barabara za mashamba ya mkonge mbele ya Pongwe.

Mwenzake alikuwa fundi wa bati, Msambaa, Mlutheri mwenye sauti ya chini, aliyeteremka kutoka milimani kufanya kazi mashambani. Yeye ndiye angekuwa dereva wa pili. Tatizo lao lilikuwa moja. Bati walilopata lilikuwa lile jepesi, la madini ya sufuria, na halikuwa jingi. Wakilikata vibaya, hakuna la kurudia. Walihitaji mtu anayejua kukifunika kitu chenye mabonde na vilima kwa kitambaa kilicho bapa.

Nikavua buibui, nikafunga mtandio kiunoni, nikapiga magoti chini na chaki. Nilizungushia karatasi za saruji kwenye yale mabomba, nikazibana kwa pini, nikachukua mikunjo midogo pale ziliporusha mawimbi, kama unavyochukua kiunoni mwa gauni. Fundi alinitazama, kisha akaanza kunishikia ncha. Karatasi zile akazilaza juu ya bati, akachora, nikalikata mimi kwa makasi, naye akaliweka juu ya gunia la mchanga, akagonga kwa nyundo ya mbao mpaka bati likapata tumbo. Kazi ile ilituchukua msimu mzima wa mvua. Sitasema uongo, niliipenda. Tangu nifiwe sikuwa nimepata kitu kilichonifanya nisahau kula.

Mama alikuja kuliona mara moja. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti, akalitazama lile bati jeupe likimeta.

"Unamkatia nduguyo sanda," akaniambia. Akageuka akaenda zake.

Nilicheka siku ile. Sikucheka tena baada ya gazeti.

Ilikuwa katikati ya mwaka hamsini na tano, mvua za masika zikielekea ukingoni. Mdogo wangu aliingia ukumbini na gazeti mkononi, akaketi karibu na cherehani, akanisomea kwa sauti. Huko Ulaya, kwenye yale mashindano ya kutwa kucha aliyokuwa akiyaota, gari moja lilikuwa limegonga jingine kwa nyuma, likaruka hewani, likawaangukia watazamaji. Dereva alikufa. Watazamaji walikufa wengi, waliokuwa wamesimama tu na vikapu vya chakula. Bodi la gari lile lilikuwa la madini mepesi, likawaka moto uliokataa kuzimika. Alipofika hapo akaacha kusoma kwa sauti, akaendelea kimoyomoyo.

"Letu nalo litawaka?" nikamuuliza.

"Letu ni bati la sufuria. Sufuria unaiweka motoni kila siku."

"Sikukuuliza sufuria. Nimekuuliza gari."

Akalikunja gazeti, akatoka.

Tangu siku ile nikawa sina raha. Nilishona mikono ya gauni la watu upande usio wake, nikafumua, nikashona, nikarudia kosa lile lile. Sindano ilinichoma nikaona damu kabla ya kusikia maumivu. Kila nikifumba macho nililiona bati nililolikata mimi, mkunjo kwa mkunjo, likiruka juu ya watu. Na watu wale hawakuwa Wazungu wa Ulaya. Walikuwa wanawake wa Pongwe, mikeka yao na watoto wao.

Nikamwambia aache. Tulikuwa ghalani, fundi yuko nje anapiga msasa.

"Huko kwao nchi nyingine zimeshapiga marufuku," nikasema. "Wewe ni nani hata uendelee?"

"Wakiacha wote, dada, nani atayafanya yawe salama? Magari hayatapungua mwendo kwa sababu watu wameogopa. Yatazidi. Basi afadhali wawepo wanaofikiri."

"Wafikirie wengine."

"Wengine ndio nani?"

Klabu nayo iligawanyika. Wazungu wenyewe waligombana, nusu wakitaka mashindano yafutwe. Mdogo wangu hakuwa mwanachama, maana Mwarabu hakuwa akikaribishwa mle ndani, lakini mashindano yenyewe yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye gari, na walimruhusu kusimama barazani asikilize. Alirudi amechangamka. Wamekubali, ila kwa masharti: kila gari liwe na ukuta wa chuma kati ya tangi la petroli na viti, na watazamaji wasikae kwenye kona. Alinieleza masharti yale kama mtu anayenipa dawa. Nilimeza, haikunisaidia.

Wakalijaribu gari Jumapili moja asubuhi kwenye barabara ya Pongwe. Nilibaki ghalani nikiwasubiri, nafagia pale pale palipokwisha kufagiwa. Waliporudi, mdogo wangu alikuwa akitabasamu, lakini fundi alishuka polepole, akaegemea mlango, uso umempauka.

"Vipi, fundi?" nikamuuliza.

"Mpaka mwendo wa kawaida ni zuri, dada. Tukizidisha, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Mwepesi mno. Nikizungusha, gari linafikiri kwanza ndipo linageuka."

"Pua inanyanyuka," mdogo wangu akasema. "Upepo unaingia chini. Tunataka pua nyingine, iliyoinama zaidi. Dada, utatukatia?"

Nikasema sikati. Nikachukua makasi yangu, nikaenda nyumbani. Nilijiambia kwamba bila pua hakuna gari, na bila gari hakuna msiba. Sikurudi Mabawa kwa siku kadhaa. Halafu fundi akaja mpaka kibarazani kwetu, akamwamkia mama shikamoo, akakaa, akanywa kikombe chake cha kahawa. Mwishowe akasema mdogo wangu amejaribu kukata mwenyewe na kipande kizuri cha bati kimeharibika. Kimebaki kimoja.

"Atakwenda hata likiwa vibaya," fundi akasema. "Mimi namjua."

"Na wewe utakwenda naye?"

"Nimempa ahadi."

Mama alikuwa anasikiliza kutoka ndani. Nikavaa buibui, nikamfuata fundi. Sikuwa nimebadili mawazo. Nilijua tu kwamba pua mbaya ni mbaya kuliko pua nzuri, na hofu yangu haikunipa njia ya tatu. Niliikata polepole, nikapima mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima gauni la mtu yeyote.

Siku ya mashindano mama alitushangaza sote. Aliamka na mapema, akavaa buibui lake jipya, akasema anakwenda. Tulipanda lori la jirani tukiwa na mkeka na birika. Wasimamizi wenye bendera walituonyesha pa kukaa, mbali na kona, kwenye mwinuko pembeni mwa shamba, mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanapoishia. Mama akatoa tasbihi.

Magari hayakuwa mengi. Letu lilikuwa dogo kuliko yote, na lilipofika kwenye mstari watu walicheka kuona halina kitu mbele. Mdogo wangu alianza yeye. Bendera ilipoanguka, nilishika mkeka kwa mikono miwili.

Nitaelezaje siku ile? Anayedhani kutazama mbio ni kuona, hajawahi kuwa na mtu wake mle. Unachofanya ni kusikiliza. Gari linapita mara moja, vumbi, kelele, kisha linapotelea kwenye mkonge na unabaki na sauti yake inayopungua. Halafu kimya. Halafu unaanza kuitafuta sauti upande wa pili, na magari ya wengine yanapita yanakuchanganya. Letu lilikuwa na mlio mwembamba, kama cherehani iliyokazwa uzi. Kila nilipousikia nilipumua. Ulipopotea, pumzi nayo ikapotea. Mzunguko mmoja ulikuwa mrefu kiasi kwamba mama aliweza kuimaliza tasbihi yote na kuianza upya.

Adhuhuri walibadilishana. Mdogo wangu alishuka, uso umekuwa kinyago cha vumbi, akaja kwenye mkeka wetu akanywa maji akiwa wima.

"Pua imekaa," akaniambia. "Limetulia, dada. Tuko wa tatu. Na wale wawili wanakula tairi, sisi hatujabadilisha hata moja."

Nilitaka kufurahi, nami nilifurahi kidogo. Watu waliocheka asubuhi walikuwa wameanza kulishangilia gari letu kila lipitapo.

Alasiri, gari letu halikupita.

Mwanzoni nilidhani nimekosea sauti. Mama alisimamisha vidole kwenye tasbihi. Lilipita gari la pili, likapita la nne, likapita na lile la mwisho kabisa. Kisha moshi ukapanda juu ya mkonge, mweusi, mnene, upande ule wa bondeni. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kukimbia. Watu wakainuka, wanawake wakaanza kupiga kelele, na mimi nikainuka nimfuate.

"Nenda," mama akasema. "Usikimbie. Ukianguka utanizidishia."

Nikatembea. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu, na miiba ya mkonge ilikuwa ikinikamata buibui, nikiivuta bila kuiangalia. Nilikuwa nikijisemea moyoni kwamba kama ni fundi, nitamwambia nini mkewe aliyeko mlimani, ambaye sijapata kumwona. Na nilijua nitakachomwambia. Kwamba mimi ndiye niliyekata.

Nilipopinda kona, nililiona gari letu katikati ya njia. Lilikuwa zima, pua imeinama vile vile nilivyoikata, mlango uko wazi, na ndani hamna mtu. Mpaka leo, nikiambiwa nieleze woga ni kitu gani, nitaeleza kiti kile kitupu.

Mbele yake kidogo lilikuwa likiungua gari jingine, la meneja wa shamba moja la mkonge, Mzungu mrefu mwenye masharubu aliyekuwa akiongoza tangu asubuhi. Na pembeni, kwenye majani, alikuwa amekaa fundi wetu, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayengoja kumiminiwa maji. Yule meneja alikuwa amelala karibu naye, suruali imeungulia kwenye miguu, akiguna. Fundi alikuwa amelikuta gari lile limeshika moto na mwenyewe amenasa ndani. Akasimamisha letu, akamvuta kwa mikono mitupu.

"Nimepoteza mashindano," fundi akaniambia aliponiona. Akaniambia hivyo hivyo, kama mtu anayeomba radhi.

Nikavua mtandio nikaupasua, nikamfunga mikono. Lori la klabu lilikuwa mbali upande wa pili, na yule meneja alikuwa ameanza kupauka. Mdogo wangu, aliyekuwa amefika kabla yangu, hakuuliza mtu. Kanuni za mashindano zilidai gari liwe na viti viwili, na alikuwa amekilalamikia kile kiti cha pili tangu mwanzo kwamba ni mzigo wa bure. Yeye na watu waliofika wakamwinua meneja, wakamkalisha humo, wakamfunga kwa mkanda wa turubai nilioushona mimi. Mdogo wangu akaingia, akawasha injini, akaondoka kuelekea mjini, hospitalini.

Nilibaki na fundi njiani, tukisikiliza. Mlio ule mwembamba ukapanda, ukapanda, ukazidi kuliko nilivyousikia kutwa nzima. Ng'ombe wako njiani saa zile, na baiskeli, na watoto wanatoka visimani. Hakuna bendera wala mtu wa kuzuia watu.

"Anakwenda mno," nikasema.

"Anakwenda inavyotakiwa," fundi akajibu, lakini macho yalikuwa njiani kama yangu.

Meneja hakufa. Mashindano yakasimamishwa pale pale, na klabu haikufanya tena mengine ya kutwa. Viganja vya fundi vilipona, ila ngozi ilikaza. Hakuweza tena kushika nyundo asubuhi mpaka jioni. Alirudi kwao milimani kwa muda. Mdogo wangu alilifunika gari kwa turubai, akawa anakaa ghalani akichora, na mama akaanza kupata usingizi.

Nami nilidhani yamekwisha. Lakini baada ya Ramadhani yule meneja alikuja nyumbani, anatembea kwa fimbo, akakaa barazani kwetu na kofia magotini. Alimshukuru mama kwa Kiswahili chake cha shambani. Kisha akasema huko Kenya kuna mashindano marefu, na angependa gari kama lile lijengwe upya, bora zaidi, liende likashindane. Mdogo wangu aliniangalia. Sikuhitaji aulize.

"Nitakata," nikamwambia mgeni alipoondoka. "Ila wewe huendeshi."

"Dada, gari ni langu."

"Bati ni la makasi yangu. Huendeshi."

Alinuna, akaacha kula nyumbani kwa siku kadhaa. Mwisho alikubali. Nafikiri naye alikuwa amekiona kile kiti kitupu, ingawa hatukuwahi kukizungumza. Fundi akarudi kusimamia wapiga nyundo wapya, akiwaonyesha kwa kiwiko. Gari la pili lilikuwa chini zaidi, limefunikwa mpaka juu, na tangi limehamishiwa ubavuni, mbali na moto wa injini. Nililifanyia kazi nikiwa mtulivu, kwa sababu ndugu yangu hamo.

Dereva aliyeletwa alikuwa Mhindi wa Mombasa, mpole, ana miwani. Usiku wa kuamkia safari alilala kwa jamaa zake, asubuhi akaja kwetu kuaga, akanywa chai. Mama alimtazama sana.

"Mama yako yupo?" akamuuliza.

"Yupo, mama."

"Anajua?"

"Anajua ninasafiri."

Mama akaingia ndani, akatoka na visheti vimefungwa kwenye kitambaa, akampa. Yule bwana akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka kwenye kiti cha pili. Ndipo hofu yangu iliponirudia, ile ile, kama vile haikuwahi kutoka. Nilikuwa nimeihamisha tu. Nilikuwa nimeichukua nyumbani kwetu nikampelekea mwanamke wa Mombasa nisiyemjua, naye hata hajui kama imefika.

Siku zile za kungoja hazikuwa fupi kuliko za kwanza. Simu ya maandishi ilikuja mwishowe, mdogo wangu akaisoma akiwa bado kwenye ngazi. Gari limemaliza mashindano. Halikushinda, ubavu umebonyea kwa jiwe, dereva mzima. Akaruka juu kama mtoto, akamkumbatia fundi akiwa ameisahau mikono yake.

Mama alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na mama yake," akauliza, "naye amepelekewa simu?"

Hakuna aliyejua.